Kijana wa Simiyu, Nyumba ya Ugenini Unaiweza

Wewe uliye kidato cha pili au cha tatu Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, makala haya ni yako. Nataka nikuondolee wazo moja kichwani: kwamba kwenda kuishi mwaka mzima na familia ya Ufaransa au Marekani, ukasoma sekondari pamoja na watoto wao, ni jambo la wanafunzi wa Masaki na Oysterbay, Dar es Salaam. Si kweli. Sehemu ngumu ya safari hiyo ni kukaa vizuri katika nyumba ya watu, na hilo umelelewa nalo.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Kimarekani walijitolea kuendesha magari ya wagonjwa huko Ufaransa. Kikosi chao kilikuja kujulikana kama AFS, na kilibeba majeruhi katika vita zote mbili za dunia. Vita ya pili ilipokwisha, watu hao waliokuwa wameona damu ya kutosha wakaamua kugeuza kazi. Kuanzia mwaka 1947 wakawa wanapeleka wanafunzi wa sekondari kuishi katika familia za nchi nyingine. Waliamini kwamba mtu uliyekula naye meza moja mwaka mzima si rahisi kumwelekezea bunduki.

Tanzania nayo imo katika mkondo huo. Mpango wa Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2002 kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, 2001, umechukua wanafunzi wa sekondari kutoka Bara na Zanzibar, ukawapeleka Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo kwa ufadhili kamili. Familia zinazowapokea hazilipwi, hujitolea. Milango ya aina hii hufunguka na kufungwa kulingana na mwaka na bajeti. Ndiyo maana anayeingia ni yule aliyekuwa tayari kabla tangazo halijatoka.

Sasa tuchukue mfano wa Ufaransa: tazama siku ya kawaida katika nyumba ya Kifaransa, uone kama inakushinda. Masomo huanza mnamo saa 2 asubuhi, na siku nyingine hufika hadi saa 11 au 12 jioni. Jumatano mchana shule nyingi hupumzika. Kwa kawaida hakuna sare. Alama kamili ni 20, na ukipata 14 usilie, kwa maana kwao hizo ni alama nzuri. Mwezi Desemba utatoka nyumbani kungali giza. Mwezi Juni, wewe uliyezoea jua kuzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima, utaliona bado lipo angani saa 3 usiku. Mwili utashangaa, kisha utazoea.

Ukiingia dukani huko unamsalimia mwenye duka kabla ya kutaja haja yako. Asiyesalimia huonekana hana adabu. Je, hilo nani akufundishe? Wewe umekulia mahali ambapo mtu hapitwi njiani bila "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana, na salamu haikatizwi mpaka watu wa nyumbani wote wameulizwa hali. Wapo watoto wa mataifa makubwa wanaofundishwa jambo hilo ukubwani. Wewe unalo tayari.

Jioni familia hukusanyika mezani, mara nyingi kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Mtoto mmoja anapanga sahani, mwingine anakata mkate, mwingine ataondoa vyombo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usingoje kupewa. Siku ya kwanza uliza vijiko vinakaa wapi, siku ya pili vipange mwenyewe. Kijana aliyewahi kuchota maji kabla ya kwenda shule, akapalilia pamba Januari na kuivuna katikati ya mwaka, hawezi kushindwa kuosha sufuria. Hapo ndipo familia inapoacha kukuita mgeni.

Lakini lipo jambo moja utakalolazimika kujifunza upya, nalo ni gumu kuliko baridi. Usukumani mtoto mwenye adabu hunyamaza wakubwa wanapozungumza, na huinamisha macho anapokemewa. Kwenye meza ya Kifaransa watu hubishana juu ya siasa, filamu na mpira, na kijana wa miaka 16 huulizwa anaonaje. Ukinyamaza, watadhani umechukia, au unaumwa, au chakula hakikufai. Sema! Sema kwa sentensi mbovu, sema kwa mikono, lakini sema. Kama huli nguruwe, waambie siku ya kwanza. Kama unahisi baridi usiku, omba blanketi. Kama hukuelewa, uliza mara ya pili na ya tatu. Hujaacha heshima ya kwenu. Unawapa wenyeji wako ile wanayoitambua.

Na miezi ya mwanzo itauma. Ikifika jioni kichwa kitakuwa kizito kwa kusikiliza lugha ngeni kutwa nzima. Utatamani ugali, utatamani michembe na matobolwa, utatamani kusikia Kisukuma hata cha kugombezwa. Utashawishika kujifungia chumbani na kupiga simu nyumbani kila saa. Toka chumbani! Kaa jikoni na mama mwenyeji hata kama huelewi nusu ya anachosema. Nenda na baba mwenyeji sokoni. Cheza na mdogo wao, kwa sababu mtoto wa miaka sita ni mwalimu asiyechoka kukusahihisha na wala hakuonei haya. Lugha huingia kwa kukaa na watu, na siku moja utashtuka umecheka mzaha kabla hujaufasiri kichwani.

Usiseme Kifaransa ni cha mbali. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Dereva wa lori, muuguzi, mfanyabiashara wa pamba au wa dagaa anayekimudu Kifaransa pamoja na Kiswahili ana soko kutoka Bujumbura hadi Kinshasa. Na watalii wanaozungumza lugha hiyo huja Serengeti, kwenye mlango wa mkoa wetu. Ujuzi huo unakungojea hapa hapa utakaporudi.

Wazazi, baba na mama wa Simiyu, nanyi nawaomba. Najua hofu yenu, hasa kwa binti. Ulizeni maswali yote: nani anaisimamia safari, familia mwenyeji imechunguzwa na nani, mtoto akiumwa atatibiwa wapi, akipata shida atampigia nani. Mpango wa kweli una majibu, tena ya maandishi. Asiye na majibu, au anayetaka fedha kwa siri, mfukuzeni. Lakini mkisharidhika, msimzuie mtoto kwa sababu tu hakuna wa ukoo aliyewahi kwenda. Mkoa huu wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, na umekua kwa sababu walikuwepo watu wa kwanza katika kila jambo.

Na walimu, mnaposikia tangazo, lisomeni mstarini mbele ya wanafunzi wote. Msilitunze kwa ajili ya wawili mnaowapenda. Mkoa uliowahi kuwakusanya wanafunzi wa madarasa ya mitihani katika kambi za kitaaluma unajua vizuri kwamba mtoto akiaminiwa hunyanyuka.

Kijana, anza wiki hii. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa. Kama huna, waombe wazazi waanze taratibu za RITA, maana bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna safari. Soma Kiingereza kwa sauti kila siku. Kama shuleni kwenu kuna mwalimu wa Kifaransa, mfuate. Kama hayupo, yapo masomo ya redio na ya simu, na Alliance Française wako Dar es Salaam na Arusha kwa atakayefika huko. Jitolee katika kijiji chako, kwa kuwa mipango hii huangalia kijana anayewafaa wenzake, si alama peke yake. Likizo ijayo omba ukakae kwa shangazi au mjomba wa wilaya nyingine, ujifunze kuamka kwa ratiba ya nyumba isiyo yenu.

Kisha fomu ikitoka, ijaze. Andika kwamba unatoka Bariadi, andika kwamba kwenu mnalima pamba, andika bila kuona haya, kwa sababu familia inayopokea mgeni inataka mtu mwenye kwao. Ukikataliwa, uliza ulipopungukiwa, urekebishe, ujaze nyingine. Ukikubaliwa, nenda ukaishi nao kama mtoto wa nyumba, kisha rudi Simiyu umfundishe anayefuata namna ya kuijaza fomu hiyo.