Kuvaa Nguo za Wakati Uliopita

Je, mtu akivijenga upya vitu vya zama zilizopita bila kukosea hata kifungo kimoja, atakuwa amesema kweli kuhusu zama hizo? Zamani nililijibu swali hili upesi: naam, atakuwa amesema kweli. Leo silijibu hivyo, na ningependa kumweleza msomaji sababu yake, ingawa kisa chenyewe hakiniletei sifa.

Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo kimoja cha ualimu. Ndipo nilipoitazama sinema iitwayo Out of Africa, iliyotolewa mwaka 1985. Yasimulia maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931. Sinema hiyo ilipigwa papa hapa Kenya. Kwa kuwa Nairobi ya wakati ule haikuwapo tena, mafundi waliijenga nyingine, yenye maduka yake na barabara yake ya vumbi. Kofia, magauni, viatu, taa za mafuta, vyote vilikuwa vya enzi ile. Ilipata tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya ubunifu wa mandhari, na kwa maoni yangu iliistahili.

Nilitoka mle ukumbini nimeduwaa. Wanafunzi wangu walikuwa wakikariri tarehe kama kasuku, na hapa palikuwa na wakati mzima uliofufuliwa ukatembea mbele ya macho. Nikaazimia kufanya vivyo hivyo, lakini kwa upande wetu. Maana katika miaka ile ile ya hadithi ya Karen Blixen, Harry Thuku alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia ni kipande. Haya sikuyaona katika ile Nairobi iliyojengwa upya. Siwalaumu waliotengeneza sinema. Walichagua kusimulia maisha ya mtu mmoja. Lakini nilijiambia kwamba mchezo wangu ungekuwa na kipande, na kingekuwa kipande cha kweli.

Vijana wa leo huenda hawakijui. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu ya kazi zake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Tajiri asipotia sahihi ya kukuachisha kazi, ulihesabiwa mtoro. Watu walikiita kengele ya mbuzi.

Baba yangu alikuwa na chake. Alikivaa katika mashamba ya mkonge ya Thika, na baadaye akakitia ndani ya sanduku. Sikumwomba. Nilikichukua kwa mama, nikamvika mwanafunzi mmoja hodari, kisha nikamwalika baba aje kutazama. Nilidhani namfanyia heshima.

Mchezo ulipigiwa makofi mengi. Ulipokwisha, yule kijana alikuja kumwamkia baba akiwa bado amevaa maleba yake. Wenzake wakamtania, naye akatikisa kile kikopo ili kilie kama kengele. Wote wakacheka. Baba aliitikia shikamoo yake, kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie avue."

Usiku tulipokuwa peke yetu nilimwomba radhi. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, yule kijana amekivaa saa moja, akakivua, akaenda kunywa chai. Mimi ningekivua ningelala korokoroni." Akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika kitabu chochote. Alipokuwa akipita mbele ya nyumba ya tajiri, alikishika kikopo kwa mkono kisigonge kifungo cha shati, asije akasikika akipita na kuitwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa na chuma chenyewe, na kamba yenyewe, hata jasho la baba yangu lilikuwa limo ndani ya kamba ile. Nilichokosa ni ule mkono, na mkono ule haungepatikana sandukuni.

Nikaikumbuka tena sinema. Mtumishi aitwaye Juma anavishwa glavu nyeupe ili aandalie chakula. Baadaye Karen mwenyewe anamvua, akikubali kwamba halikuwa wazo jema. Nilipoitazama mara ya kwanza niliona huruma tu katika kitendo hicho. Baada ya maneno ya baba niliona na jambo jingine: Juma hakuzivaa kwa hiari yake, na hata kuzivua alivuliwa. Mwigizaji huvua maleba yake jioni. Aliyeishi zama zile hakuwa na jioni ya namna hiyo.

Je, basi tuache kuigiza ya kale? La hasha. Tukiacha, watoto wetu watabaki na tarehe tupu, na Nairobi pekee watakayoiona ni ile iliyojengwa na wengine. Lakini anayewavisha watu nguo za waliotangulia ana deni, nalo halilipwi kwa usahihi wa vifungo. Ni lazima aulize nguo ile ilimfanyia nini aliyeivaa. Na kama aliyeivaa yu hai, aombe ruhusa kwanza. Mimi sikuomba, na mtu niliyemkosea alikuwa baba yangu mzazi.

Mchezo ulirudiwa muhula uliofuata. Kipande cha baba kilikuwa kimerudi sandukuni, nasi tukamtengenezea kijana kikopo cha bati kutoka mkebe wa maziwa. Mtu yeyote angeona kwamba si chenyewe. Lakini safari hii kijana alipita mbele ya nyumba ya tajiri huku amekishika kwa mkono, kimya, kama nilivyomweleza. Hakuna aliyecheka ukumbini. Baba hakuja. Nilimwalika, akasema ana kazi shambani, nami sikumsihi.