Mwendo Usio na Safari

Makambako ni mji wa watu walio njiani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inagawanyika hapa, tawi moja likishuka kusini kupitia Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ina stesheni yake hapahapa. Usiku malori hujipanga kando ya lami, haya yakipeleka mafuta Zambia, yale yakileta shaba bandarini. Viazi na maparachichi ya Njombe pia hupita tu. Nimepita Makambako mara nyingi, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu pale anayefanya jambo lisilo la kwenda mahali pengine.

Usiku mmoja wa Julai nilichukua chumba pale, nikisubiri basi la alfajiri. Baridi ya mwezi huo haimwachii mtu usingizi chini ya blanketi moja. Saa tano nikavaa koti, nikaufuata muziki uliokuwa ukitoka nyuma ya baa ndogo. Mlangoni mama mmoja alikuwa akichoma mishkaki.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mama."

"Ingia, mwanangu. Ndani kuna joto."

Kilikuwa chumba kimoja, sakafu ya saruji, spika mbili, taa nyekundu, watu wasiozidi thelathini. Walikuwa wakicheza na masweta na kofia za sufu. Kadiri muziki ulivyokolea, nguo zikavuliwa moja moja na kurundikwa juu ya makreti ya bia, hadi rundo likafika kifuani. Katika chumba kidogo namna ile huwezi kucheza peke yako. Ukirusha mkono unamgusa mtu. Ukirudi nyuma kuna mgongo wa mwenzako. Kwa hiyo unajifunza upesi wanavyoyumba wengine, na kabla hujajua umeshaingia.

Mbele yangu alikuwepo kijana mbeba mizigo. Kazi yake niliijulia begani: bega la kulia limeinama kuliko la kushoto, kama wanavyokuwa watu wanaopandisha magunia ya viazi kwenye malori, yale ya lumbesa yaliyojazwa kupita midomo yake. Nilidhani akicheza bega litanyooka. Halikunyooka. Aliinamia upande ule ule, akaubana mdundo pale pale mwili wake ulipokuwa na kasoro, akalishusha bega na kulipandisha taratibu, na ule mwinamo ukawa ndio mtindo wenyewe. Baada ya muda watu wanne kandoni mwake walikuwa wakicheza wameinama kulia. Hakuna aliyekuwa akimwigiza kwa kumcheka. Walikuwa wameuona uzuri, wakaufuata.

Saa saba ilipokaribia, DJ akarudi kwenye zilipendwa, akaweka "Lambada" ya kundi la Kaoma, wimbo ulioenea dunia nzima mwaka 1989. Madereva watu wazima wakainuka. Unaimbwa kwa Kireno, na Mbrazili ndiye mwimbaji wake, lakini hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Nikawaza safari ndefu ya mchezo ule wa kiuno. Brazil ilipokea karibu watu milioni tano waliotolewa Afrika, na ilikuwa nchi ya mwisho katika Amerika kuufuta utumwa, mwaka 1888. Wengi walitoka Kongo na Angola. Wengine walipakiwa Msumbiji, pwani hii hii yetu ya mashariki. Katika jongo, mchezo wa vizazi vya watumwa wa mashamba ya kahawa, wapo hadi leo wanaoziita ngoma zao angoma. Watu waliosafirishwa kama shehena, wakapimwa na kuuzwa kama shehena, walivuka bahari na neno hilo mdomoni. Kila hatua yao ilikuwa ya kuamriwa: toka hapa, nenda pale, beba hiki. Kucheza kulikuwa mwendo ambao mwisho wake haukuwa mlangoni kwa bwana.

Aristotle alitenganisha matendo ambayo ukomo wake uko nje na yale yaliyobeba ukomo wake ndani. Anayejenga nyumba hajamaliza mpaka nyumba isimame, lakini anayeona ameshaona. Naamini anayecheza naye ameshacheza, tangu hatua ya kwanza. Sisi tumezoea kuulizia maana ya maisha kama abiria anayeulizia stendi: iko wapi, bado mbali? Katika chumba kile swali lenyewe lilikosa pa kusimama.

Dereva mmoja mzee alikuja kupumzika karibu nami, akijifuta jasho kwa kofia.

"Umetoka mbali, mzee?"

"Tunduma, mwanangu. Kutwa nzima nimekaa kwenye usukani. Gari limetembea, mimi sijatembea." Akapiga sakafu kwa kisigino. "Hapa ndipo ninapotembea."

Siwezi kuyasema haya nikayaficha mengine. Mkoa huu wa Njombe ndio uliokuwa na kiwango cha juu kuliko yote cha maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, asilimia 12.7 ya watu wazima, na miji ya barabarani imezika wengi. Mtaani ugonjwa huo uliitwa ngoma. Neno moja linabeba chombo, mchezo, sherehe na kifo. Walionizunguka walilijua hilo kuliko mimi. Huenda kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemzika. Walicheza wakijua. Ndiyo maana sikubali anayesema kwamba watu huenda mahali kama pale kusahau. Kusahau hakuhitaji kumsikiliza mwenzako kwa mgongo mzima.

Saa tisa taa nyeupe ikawashwa. Watu wakachambua rundo la makoti, huyu akimpa yule lake, na baridi ikatupokea mlangoni.

Alfajiri, nikiwa nimeketi dirishani ndani ya basi, nilimwona yule kijana anapandisha gunia kwenye lori ng'ambo ya barabara. Nikampungia. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imelishika gunia. Akanijibu kwa bega la kushoto.