Kwa Wanangu Mnaopewa Nywila ya KASPER

Wanangu mnaosomea ufamasia na uuguzi hapa Louisville, najua baadhi yenu mtakabidhiwa nywila ya KASPER kabla mwaka haujaisha. Mimi nimestaafu, lakini kazi ile bado naijua, na nina neno la kuwaambia kabla mikono yenu haijaizoea.

KASPER ni rejista ya serikali ya Kentucky, na ipo tangu 1999. Oksikodoni, haidrokodoni, dawa kali za usingizi, na tangu 2017 hata gabapentini, zikitoka dukani huandikwa humo: nani kaandikiwa, na daktari gani, vidonge vingapi, vya siku ngapi. Taarifa inatakiwa ifike kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha.

Msiidharau. Dawa ya OxyContin, yaani oksikodoni ya kampuni ya Purdue, iliingia sokoni 1996, nao wauzaji wa kampuni hiyo wakawaaminisha madaktari kwamba hatari yake ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha, lakini kufikia hapo familia za milimani, mashariki mwa jimbo hili, zilikuwa zimeshazika vijana wao. Watu walijazana kwenye magari wakashika barabara ya I-75 hadi Florida, ambako kliniki ziliuza vidonge kwa fedha taslimu, maana Florida haikuwa na rejista inayofanya kazi mpaka 2011. Hata hapa kwetu, kwa kuwa hakulazimika kuitazama KASPER, daktari wa mtaa huu mara nyingi hakujua wa mtaa ule ameandika nini. Kwa hiyo mwaka 2012 Kentucky ilipopitisha sheria ya kumlazimu daktari aitazame KASPER kabla ya kuandika dawa hizi, niliiona ni sheria ya haki. Mpaka leo naiona hivyo.

Ubaya ulikuja na woga. Mwaka 2016 mamlaka ya CDC ilitoa mwongozo wa dawa za maumivu, na madaktari wengi wakausoma kama amri. Wagonjwa waliokuwa wametulia kwa miaka wakapunguziwa dozi ghafla, wengine wakafukuzwa kliniki wakiwa na arosto. Ilibidi FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hii, itoe onyo 2019 kwamba kukatiza dawa ghafla kunadhuru, na CDC yenyewe ikauandika upya mwongozo wake 2022. Wakati huo vyeti vya opioidi vilikuwa vikipungua mwaka hadi mwaka, na vifo vikiongezeka. Mwaka 2021 nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa kuzidisha dozi, wengi wao kwa fentanili ya mtaani, ambayo haipiti dukani kwako na haimo kwenye rejista yoyote. Mtu mwenye maumivu ukimfukuza kaunta, jiulize anakwenda wapi.

Sasa niseme la watu wetu, kwa sababu hakuna atakayewafundisha darasani. Kompyuta huunganisha rekodi kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Mnajua wenyewe ni wangapi kati yetu waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wakiwa wameandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Jina la baba limegeuzwa la ukoo, Amina mmoja ana herufi mbili za m na mwingine moja, na ndugu wanne wanaishi nyumba moja. Mama akionekana ana madaktari wengi, usikimbilie kumwita mraibu. Huenda mbele yako pana historia za watu wawili zilizorundikwa kwa mmoja. Uliza. Linganisha anwani za zamani. Piga simu ofisi ya daktari. Kosa likithibitika, waombe wenye duka lililoingiza taarifa walisahihishe, na umwambie mama kwamba rekodi yake inaweza kusahihishwa. Hilo wachache sana wanalijua, nami linaniuma.

Siri nayo. Humo mtamkuta mzee wa kanisa anayetumia buprenofini kuachana na uraibu, na kijana wa jirani mliyecheza naye mpira. Kufungua rekodi ya mtu usiyemhudumia ni kosa la jinai, na leseni yako inaweza kwenda. Lakini hata pasingekuwa na sheria, jamii yetu ni ndogo. Neno likitoka dukani Jumamosi, Jumapili liko kwayani, na yule mzee harudi tena kuchukua dawa iliyokuwa ikimweka hai.

Na siku ambayo kweli itabidi ukatae kutoa dawa, usikatae kwa kumwonyesha mgongo. Mwite pembeni, mbali na foleni, useme naye Kiswahili: «Mama, naona hapa umepewa dawa hii wiki iliyopita kwingine. Nieleze, zile zimekwendaje?» Wengine watasema vidonge vimeibwa na mjukuu, nawe utakuwa umemgundua mgonjwa wa pili. Wengine watalia, kwa kuwa hawajawahi kuulizwa. Kila anayekunywa opioidi mshauri awe na naloksoni nyumbani. Tangu 2023 imeruhusiwa kuuzwa bila cheti. Wanaoishi naye nao waonyeshe namna ya kuipuliza puani, kwa sababu aliyezidisha dozi hawezi kujipulizia mwenyewe.