Kwa Kauli Moja

Aliyewahi kufungua jalada la muhtasari wa vikao vya halmashauri ya kijiji nchini Tanzania anaijua sura yake. Juu pana tarehe na mahali, kisha mahudhurio, kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, halafu hoja moja baada ya nyingine hadi "mengineyo" na kufunga kikao. Chini pana sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu, na muhuri. Katikati limo neno linalorudi ukurasa baada ya ukurasa: wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Neno hilo linatupa uamuzi, linatunyima njia iliyoufikia. Halisemi nani alinyamaza, nani alitoka nje mapema, nani alikuja na shauri jingine akakatizwa, wala kama mgambo walikuwa wamesimama mlangoni. Swali ninalolileta hapa ni la dini na falsafa kabla halijawa la maktaba: je, kauli ya mwanakijiji, inayotoka kinywani miaka 40 au 50 baada ya tukio, ni elimu ya kuwekwa ubavuni mwa karatasi ile yenye muhuri? Jibu langu ni ndiyo. Tena kwa historia ya serikali za mitaa nakwenda mbali zaidi: kuiacha kauli hiyo ipotee hali tunaweza kuipokea ni kuficha ushahidi.

Serikali ya mtaa haikai ofisini peke yake. Ni mahusiano ya watu wanaojuana kwa majina, anayetoza na anayetozwa, anayeitisha mkutano na anayeacha jembe ili auhudhurie. Jalada hutunzwa na upande mmoja wa mahusiano hayo, kwa hiyo hata likiandikwa kwa uaminifu mkubwa linabaki ushahidi wa upande huo. Itazame miaka ya 1970. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa chini ya mpango wa madaraka mikoani, na mamlaka yakahamia kwa watumishi wa serikali kuu. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, bali ni amri ya kutekelezwa kabla ya mwisho wa 1976. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ikaleta halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 25, na kijiji kikatakiwa kuwa na kaya zisizopungua 250. Sheria zilizorudisha serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Kwa hiyo kuna zaidi ya miaka 10 ambayo mwananchi hakuwa na halmashauri ya wilaya ya kuiendea, na ndiyo miaka ambayo mamilioni walihamishwa. Mafaili ya kipindi hicho ni taarifa za utekelezaji: kaya ngapi zimehamia, mashamba ya pamoja ekari ngapi, shule na visima vimefikia wapi. Aliyeezua paa lake ili lipakiwe kwenye lori, na mwenzake aliyehama kwa furaha kwa sababu alitaka mwanawe awe karibu na shule, wote wawili wamegeuka tarakimu katika safu moja. Ni wao tu wanaoweza kutofautisha kuhama na kuhamishwa.

Kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ina hadithi ya namna hiyohiyo. Daftari linaonyesha aliyelipa na anayedaiwa. Mwanamume aliyelala shambani akiwakwepa mgambo, foleni ya kuonyesha stakabadhi kwenye njia ya mnadani, mke aliyeuza kuku ili mumewe aachiwe, hayo hayana safu katika daftari. Lakini ndiyo yanayoeleza kwa nini hadi leo watu wengi wakiitwa mkutanoni huuliza kwanza kama kuna mchango.

Wapo wanaosema kwamba karatasi ni karatasi na maneno ni upepo. Hoja hii inasahau kwamba karatasi nyingi tunazoziheshimu zilianza zikiwa maneno. Katika Nyaraka za Taifa vimehifadhiwa vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, na watafiti huvinukuu kama chimbuko la historia ya kila eneo. Vilipatikanaje? Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alitaka kutawala kupitia wenyeji, na sheria ya 1926 ikahitaji kila kabila liwe na mtemi wake anayejulikana. Mabwana shauri wakakaa na wazee, wakawauliza nani alitawala zamani, wakaandika walichoambiwa. Mwanahistoria John Iliffe ameeleza jinsi kazi hiyo ilivyounda makabila na watemi pale ambapo mambo hayakuwa yamepangika hivyo. Masimulizi yaleyale ya mdomo yalipopigwa taipu na afisa yakawa hati, na mjukuu wa yuleyule mzee akisimulia leo tunamwambia alete uthibitisho! Nao upwa una funzo lake la zamani. Inaelezwa kwamba nakala ya asili ya Habari za Pate, kitabu cha historia ya watawala wa Pate, ilipotea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Tulizonazo zinatokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu ya Muhammad bin Fumo Omar, Mnabahani aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Kitabu kiliteketea, habari zikabaki kifuani mwa mtu.

Dini mbili zilizoenea zaidi kwetu zimelishughulikia jambo hili kwa uzito kuliko tunavyokumbuka. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni. Inaamuru deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, kisha inaamuru mashahidi waitwe. Maandishi hayakumwondoa shahidi. Aya inayofuata inakataza kuficha ushahidi, na dhambi ya kuuficha inaielekeza kwenye moyo. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 19:15 haliridhiki na shahidi mmoja, linataka wawili au watatu. Naye Luka anaifungua Injili yake kwa kueleza kwamba alichunguza habari zilizotoka kwa walioshuhudia wenyewe. Lakini kuna jambo katika ile aya ya deni ambalo naliona ndilo kiini cha suala letu. Mashahidi wanaambiwa wasikatae waitwapo. Wajibu wa kusema, basi, umetanguliwa na wajibu wa mwingine, yaani wa kuita. Mzee anayekufa na habari za baraza la kwanza la kijiji chake hakuficha kitu kama hapana aliyemwita. Aliyeficha ni ofisi iliyokuwa na daftari na kalamu na haikumwuliza.

Pingamizi lenye nguvu ni lile la kumbukumbu. Mtu husahau, huchanganya miaka, huongeza chumvi, na jambo alilolisikia kwa jirani huja akaliapia kwamba aliliona. Hilo ni kweli kabisa. Ila wanazuoni wa hadithi za Mtume walikutana nalo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wala hawakulijibu kwa kutupa masimulizi. Waliunda elimu ya wapokezi. Kila habari ilidaiwa mnyororo wake: nani kasikia kwa nani, je, waliwahi kukutana, ni mwadilifu, hifadhi yake ilikuwaje alipozeeka. Bukhari, mmoja wao, aliyefariki mwaka 870, aliacha mapokezi mengi kuliko aliyoyachukua. Habari iliyopokewa na wengi ambao haiwezekani wamekula njama ilipewa daraja lake, na ya mtu mmoja ikapewa lake. Chombo hicho kinatufaa, tena kazi yetu ni nyepesi zaidi, maana mara nyingi bado tunaye shahidi mwenyewe, si mpokezi wa tano. Mkulima huenda asijue kama jambo lilitokea 1974 au 1975, lakini anajua lilikuwa kabla ya njaa au baada yake, na kifungua mimba wake alikuwa ameanza kutambaa. Ukiweka ushuhuda wa namna hiyo kando ya kadi ya kliniki na muhtasari wa kikao, tarehe hupatikana. Kila upande husahihisha mwenzake.

Kwamba jambo hili linawezekana kwa kiwango kikubwa si nadharia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda kusini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, katika mradi unaohusishwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Walikuta wazee waliokuwa vijana mwaka 1905. Wazee wale walisimulia utawala wa mtaa wa wakati wao, maakida na majumbe, na jinsi watu walivyosukumwa kulima pamba katika mashamba ya lazima, hadi pamba ikang'olewa kule Nandete, vilima vya Umatumbi. Kazi ile pia ilikuwa na kasoro, na ni vyema isemwe. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Thaddeus Sunseri, wamelalamika kwamba mradi ulitafuta mno umoja wa taifa changa, ukasikia kidogo mno habari za wanawake, njaa na ugomvi wa ndani ya kaya. Kasoro hiyo ilikuwa ya masikio kuliko ndimi. Aliyeuliza juu ya vita tu alijibiwa vita. Hapa nakumbuka msisitizo wa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezungumza na wenye hekima wa Kenya akawakatalia wale waliomwona mzee kuwa sanduku la mila. Alihojiana nao, akawapinga, akawataka watoe sababu. Mkusanyaji wa historia ya mtaa anahitaji ujasiri huohuo wenye adabu: "Mzee, hapo mwenzako amesema tofauti, wewe unaonaje?"

Kuna wanaohofia masilahi. Mtu atasimulia mpaka wa kijiji kwa namna inayompa shamba, na hofu hiyo ina msingi, kwani ardhi ndiyo inayogombewa. Lakini mabaraza yetu ya ardhi hayafanyi kazi bila masimulizi. Mgogoro ukifika, wazee hutembea na wajumbe hadi kwenye safu ya minyaa au korongo la mto, wakaonyesha kwa kidole nani alipewa wapi siku za Operesheni Vijiji, yaani uhamishaji ule wa miaka ya 1970. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yenyewe imehalalisha ugawaji wa miaka ya operesheni, na sehemu kubwa ya ugawaji ule ilifanyika kwa maneno na hatua za miguu. Hivyo hatuchagui kati ya kuwa na masimulizi na kutokuwa nayo. Tunachagua kati ya kuyachukua mapema, kwa watu wengi, kabla ya ugomvi, na kuyasikia siku ya kesi kutoka kwa mwenye shauri. Mwenye akili atachagua la kwanza.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la stara. Tumelelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya na aibu ya jirani hufunikwa. Je, ni halali kumwuliza mama juu ya mwenyekiti aliyekula fedha za mradi wa kisima, na watoto wa mwenyekiti huyo bado ni majirani zake? Siwezi kulipuuza swali hili, na wanaokwenda kurekodi bila kulifikiria hudhuru watu. Ila hata wanazuoni walioikemea ghiba kwa ukali walijua mpaka wake. Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, anataja hali 6 ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa anayeshtaki dhuluma. Aliyeshika madaraka alishika amana ya watu, na jinsi alivyoishika si siri ya nyumba yake. Mambo ya chumbani mwake, ugonjwa wake, ugomvi na mkewe, hayo yabaki kwenye stara. Kisima ni cha kijiji. Tena msimulizi awe na haki ya kusema jambo fulani lifungiwe hadi wahusika watakapoondoka duniani. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 imeweka miaka 30 kabla ya nyaraka za serikali kufunguliwa kwa umma. Sioni kwa nini mwanakijiji asipewe heshima ileile inayopewa serikali.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Simu ya kawaida hurekodi. Mwalimu wa historia na wanafunzi wake wanatosha kuanzia, mradi warekodi lugha anayoiota msimulizi, Kigogo ikiwa ni Kigogo, waandike jina lake kwa idhini yake, na nakala moja ibaki kijijini, si yote iende mjini. Mtendaji wa kijiji aiweke kabati moja na mihtasari.

Halmashauri ya kijiji ya mwaka 1975 ilikuwa na wajumbe 25. Aliyeingia akiwa na miaka 30 alizaliwa mwaka 1945. Kama yupo mmoja katika kijiji chako, mwendee wiki hii, mpe salamu, na umwombe akueleze ile kauli moja ilipatikanaje.