Sitakujibu Tena, Mjukuu Wangu

Hapana, mjukuu wangu. Safari hii sitakujibu. Umeniuliza kama maziwa ya asubuhi yalikuwa salama, nikakuambia ndiyo. Ukaenda hadi langoni, ukarudi ukaniuliza tena. Bibi yako umemuuliza jikoni, na mama yako umempigia simu akiwa sokoni. Sote tumesema ndiyo. Kama jibu lingekuwa dawa, ungekuwa umepona kabla ya mvua za mwaka jana. Vuta kigoda uketi, tuzungumze polepole, maana nguvu za kukimbizana nawe sina tena, na wewe umechoka kuliko mimi ingawa hutaki kusema.

Nianze na maziwa, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wako ulipopata pa kujificha. Mgeni akisikia Bomet na Kericho huwaza chai tu. Chai ni ya wenzetu wa Konoin na Bureti, huko juu kwenye mvua. Sisi wa Siongiroi ni watu wa mahindi na ng'ombe, na karo ya shule hutoka kwenye mkebe wa maziwa. Ndiyo maana kila boma hapa linajua sheria: ng'ombe akidungwa penisilini kwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake hayaendi kiwandani kwa siku tatu au zaidi, kama lebo ya dawa inavyosema. Ni sheria nzuri. Yule ng'ombe mwenye baka alidungwa, akakamwa peke yake, maziwa yake yakamwagwa, siku zikatimia. Kwa sisi wengine yakaishia hapo.

Kwako ndipo yalipoanza. Labda ndoo zilibadilishana. Labda tone moja lilidondoka. Labda ni ile dawa ya kupe uliyopulizia Jumamosi, imebaki kwenye kucha. Ukaosha ndoo, ukanusa, ukaosha tena, hadi ngozi ikapasuka kwenye vifundo vya vidole. Siku moja ukamwaga mkebe mzima mtaroni, nusu ya njia, ili usije ukaua mtoto wa mtu huko Nairobi. Siku nyingine ukaufikisha. Mpokeaji akachanganya maziwa kidogo na spiriti, akatikisa, akatazama, akatumbukiza laktomita, akakuandikia kilo zako. Ukapumua. Ulipofika duka la mwisho, wasiwasi ukakuuma sikio: spiriti haionyeshi penisilini. Ukapanda bodaboda kurudi kumuuliza kama alitazama vizuri.

Na ni kweli, spiriti haionyeshi penisilini. Hapo ndipo nataka unisikilize. Wasiwasi huo si mjinga. Kila ukiziba pengo moja utakuonyesha lingine, na hilo nalo litakuwa na ukweli kidogo ndani yake. Ungenunua mashine ya kupima penisilini, ungeanza kuuliza kama mashine yenyewe ni nzima. Kwa hiyo sitakuapia kwamba haiwezekani hata kidogo. Bibi yako akichemsha chai hana hakika kamili kuwa hakuna kitu kilichoingia sufuriani. Mimi nikifunga zizi sina hakika kamili kuwa halitavunjwa. Tunakunywa chai, tunalala. Wewe unatafuta hakika ambayo hakuna binadamu amewahi kupewa, na unaitafuta kwa kuharibu mikono yako.

Madaktari wanaujua ugonjwa huu vizuri. Una sehemu mbili. Kwanza linakuja wazo usilolitaka, la uchafu, la madhara, la dhambi, au kwamba kitu hakijakaa sawa. Kisha kinakuja kitendo cha kulituliza: kuosha, kuhesabu, kurudi kutazama, kuuliza, kuomba sala ileile upya kwa sababu neno moja lilikosewa. Kitendo kinaleta nafuu fupi, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kudai kitendo tena kesho. Vitu hivyo viwili vikikula zaidi ya saa moja kwa siku, au vikikukwamisha kazi na usingizi, hiyo si tabia ya kupenda usafi. Shangazi yako anapenda usafi; yeye akifagia uwanja hufurahi, kisha hukaa chini. Wewe hufurahii. Na usidhani uko peke yako duniani: katika nchi walikohesabu, watu kama wawili katika kila mia huupata wakati fulani maishani, wengi wao wakiwa vijana wa rika lako.

Sisi tulichelewa kuuona kwa sababu ya korona. Machi 2020 serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza, kila lango la Siongiroi liliwekwa mtungi wenye bomba na kipande cha sabuni. Kila mtu aliosha. Ulionekana kijana mtiifu kuliko wote, hata chifu alikusifu. Mitungi ilipoondolewa, wengine tulirudi kusalimiana kwa mkono. Wewe ulibaki pale.

Lakini ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko korona, na mimi niliuona kabla baba yako hajaoa. Nilipokuwa karani wa mizani kwenye mashamba ya chai kule Kericho, nilikuwa na mwenzangu hodari wa hesabu. Wachumaji wanapanga foleni na vikapu mgongoni, jani limeanza kupata joto, trekta linanguruma kwa sababu chai iliyochumwa haingoji. Naye anatundika kikapu kwenye ndoana, anasoma, anaandika, anakishusha, anakitundika tena. Mara ya tatu. Mama wa watu amesimama na mtoto tumboni, jua linawaka, naye anamwomba radhi huku machozi yanamlenga, na bado anakitundika. Alikuwa anaogopa kumwibia mtu kilo moja. Mtu mwaminifu kuliko wote katika kambi ile ndiye aliyefukuzwa kazi. Tulisema amelogwa. Wengine walisema ana kiburi. Hakuna aliyesema ni mgonjwa.

Hilo la kulogwa nimelisikia tena hapa kwetu, tena kutoka kwa watu wazima. Baba yako mkubwa anataka tuite wazee, tuchinje, tuondoe laana. Mimi ndiye mzee ambaye angeitwa. Nasema wazi: hakuna laana iliyotamkwa juu ya boma hili ninayoijua, na sitakaa kwenye ngozi kuigiza kuondoa kitu ambacho hakikuwekwa. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, kama kisukari kinavyotembea, na una makao yake kwenye ubongo. Nikichinja, utapata nafuu wiki moja, kisha utaanza kuuliza kama mbuzi alichinjwa sawasawa.

Sasa lile la kanisani. Najua lipo. Nimekuona unavyotoka kabla ya meza ya Bwana. Sikulazimishi kuniambia ni maneno gani yanayokujia wakati wa sala, maana najua aina yake: matusi kwa Mungu, picha za aibu, wazo la kumdhuru mtu unayempenda. Unadhani mwenye mawazo hayo ni mtu mbaya aliyejificha. Mjukuu wangu, mhalifu hakosi usingizi kwa kuwaza uhalifu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wazima wasio na ugonjwa wowote kama hupatwa na mawazo ya namna hiyo. Takriban wanane katika kila kumi walikiri. Tofauti ni kwamba wao waliyaacha yapite. Na John Bunyan, yule aliyeandika safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni, kitabu ambacho wamisionari walikibeba kote Afrika, alieleza maisha yake katika kitabu kingine cha mwaka 1666, alipokuwa bado mfungwa. Alisumbuliwa mchana na usiku na sauti moyoni ikimwambia amuuze Kristo. Aliogopa hata kusimama chini ya kengele ya kanisa isije ikamwangukia. Mchungaji akikuambia ni mapepo, mwulize kwa heshima kuhusu Bunyan.

Hata Waislamu wana shauri lao. Dereva mmoja wa lori pale Kericho, mtu wa Mombasa, aliniambia kwao kuna watu wanaorudia udhu hadi sala inawapita, na masheikh huwafundisha kwamba ulichokuwa na yakini nacho hakiondolewi na shaka: umetawadha, basi ingia ukasali. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini maneno yale niliyapenda.

Na nyinyi mnaosikiliza kutoka jikoni, njooni karibu, haya ni yenu pia. Mnamkumbuka yule ndama tuliyekuwa tukimwachisha ziwa? Usiku wa kwanza alilia, wa pili akalia zaidi. Usiku wa tatu mmoja wenu akaingiwa na huruma, akamfungulia. Baada ya hapo alilia kwa wiki nzima bila kupumzika, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba kelele hufungua mlango. Kila tunapomwambia huyu kijana "ndiyo, ni salama, usijali", tunamfungulia ndama. Tunafanya hivyo kwa upendo, na upendo huo unamfunga. Msimcheke. Msimwigize anavyonusa ndoo. Na yule mjomba aliyemshika mikono kwa nguvu akampaka samadi ili "azoee", asirudie. Hayo si matibabu, ni uonevu. Lakini pia msimjibu. Tukubaliane, naye akiwepo, neno moja la kumwambia: "Huo ni wasiwasi unauliza, nami niko hapa." Basi. Kisha mzungumze habari za mahindi.

Maana matibabu yenyewe yanafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, katika hospitali ya Middlesex kule London, aliandika habari za wagonjwa wawili walioshindikana. Walikabilishwa na vitu walivyoviogopa, na wauguzi wakakaa nao wasiweze kufanya vile vitendo vyao vya kutuliza. Hofu ilipanda, ikakaa, ikashuka. Hadi leo hiyo ndiyo njia inayotegemewa zaidi, ila sasa hufanywa kwa mpango na kwa ridhaa yako. Unaandika hofu zako kutoka ndogo hadi kubwa. Labda ya kwanza ni kuosha ndoo mara moja tu, kama sisi wengine, kisha kukaa bila kuinusa. Utatetemeka. Utahisi umefanya jinai. Kaa na hofu hiyo, usiibishie wala usiitulize, mpaka ipoe au uzoee kufanya kazi nayo. Ukishaizoea, unaenda kwenye inayofuata. Mbali kabisa mwishoni mwa orodha utaweka kufikisha mkebe kiwandani na kurudi nyumbani bila kumwuliza mtu.

Vipo vidonge pia, kama fluoxetine na sertraline. Ni vilevile wanavyopewa watu wenye sonona, lakini kwa ugonjwa huu daktari mara nyingi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, na hukaa wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kusema kama vinasaidia. Usiviache wiki ya pili ukasema ni bure. Na ukipata nafuu usivikate ghafla; mwulize aliyekupa.

Unaogopa kuonekana kliniki. Najua, hapa kwetu mtu akitaja hospitali ya akili, watoto hupiga kelele "Mathari!", na Mathari ipo Nairobi tangu 1910, kwa hiyo dhihaka hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi. Wacha wapige kelele. Mwaka 2020 jopo la taifa lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliiambia serikali kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la dharura la nchi nzima. Boma letu si la kwanza.

Jumatatu baba yako atakupeleka Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti. Muulizie daktari au muuguzi wa afya ya akili. Wakisema muende mbele, hospitali ya Moi kule Eldoret ina wataalamu, nauli tutatafuta. Maziwa siku hiyo nitapeleka mimi. Usiende kusema tu kwamba unaosha mikono sana, watakupa mafuta ya ngozi wakurudishe. Mwambie daktari unavyohesabu, unavyorudi njiani, unavyotuuliza sisi, na hayo ya kanisani pia. Amekwisha kuyasikia kwa wengine. Ukishindwa kuyatamka, yaandike kwenye karatasi usiku wa Jumapili, mara moja tu, bila kuyanakili upya, umpe ayasome.