Riziki ya Ndege na Mkono wa Mtoaji

Anayemwaga mtama juu ya ubao bustanini ili tetere na mnana waje, na anayemwaga mtama huohuo chini ya wavu, hutumia nafaka moja, hungoja kwa subira moja na huhitaji ujuzi uleule wa tabia za ndege, kiasi kwamba mtu anayewatazama kwa mbali asubuhi hawezi kusema ni yupi mkarimu na ni yupi mtegaji. Wategaji wa Tanzania waliokamata ndege kwa ajili ya biashara ya nje, hadi serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, waliishi kwa maarifa hayo. Kwa hiyo kituo cha kulishia ndege, yaani mahali palipoandaliwa makusudi kwa chakula na maji ili ndege wa porini wavutiwe kufika, kinazua swali la kimaadili na la kidini: ni lini chakula kinachowekwa mbele ya kiumbe asiyeweza kukiomba huwa sadaka, na ni lini huwa hila?

Dini mbili zenye wafuasi wengi katika Afrika Mashariki zimemtumia ndege kuwa mfano wa riziki, yaani fungu la maisha ambalo Mungu humkadiria kila kiumbe. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawaelekeza wasikilizaji wenye mashaka wawatazame ndege, ambao hawapandi wala hawana ghala, na bado Mungu huwalisha. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume Muhammad anawataja ndege wanaotoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba ili kufundisha tawakali, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote bila kuacha kutenda kilicho ndani ya uwezo wa mtu. Mafundisho yote mawili huweza kusomwa vibaya kana kwamba yanamwondolea binadamu wajibu, lakini wafafanuzi wa hadithi hiyo wamekazia jambo linalostahili kukaziwa tena, kwamba ndege anayesifiwa ni yule aliyetoka. Riziki yake haikuwekwa mdomoni mwake, bali iliwekwa ulimwenguni, katika mbegu, wadudu, utomvu wa maua na matunda, naye akapewa mabawa na macho ya kuitafuta. Anayeweka chakula bustanini hachukui nafasi ya Mungu wala hamwokoi ndege ambaye angekufa bila yeye. Anaingiza mkono wake katika mpango uliokuwapo kabla hajazaliwa, na jambo la kuhukumiwa ni namna mkono huo unavyoingia.

Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako Waha wa Kasulu na Kibondo hulima mahindi, maharage, mihogo, mtama na ulezi, swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ndege huyohuyo ni mla nafaka. Kuamia, yaani kulinda mazao yanayokomaa kwa kuwafukuza ndege, mara nyingi kutoka juu ya dungu, ni kazi ya kale katika vijiji vya Tanzania vinavyopanda nafaka ndogondogo, na mara nyingi huwaangukia watoto. Katika mikoa ya kati makundi ya kwelea, ambao kila mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, yamewahi kuilazimu serikali kutumia ndege za kunyunyizia sumu. Haifai kumwambia mama mwenye ghala nusu mwezi Februari kwamba imani inamtaka awamwagie mnana kibaba cha ulezi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kina mpangilio wenye hekima zaidi: ardhi ipumzishwe mwaka wa saba ili maskini wa watu wale, na wanachobakiza wale wanyama wa porini. Fungu la wanyama limetajwa wazi kabisa, lakini linakuja baada ya la maskini, na zaidi ya hayo halitolewi kwa mkono, kwa kuwa mwenye shamba ameagizwa tu kuuondoa mkono wake na kuiacha ardhi itoe yenyewe.

Mtabila, wilayani Kasulu, ni mahali ambapo habari za kulisha na kulishwa haziwezi kuzungumzwa kwa wepesi. Kambi iliyokuwa hapo iliwapokea Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, na kwa miaka mingi chakula chao kilitokana na mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, huku taratibu za nchi zikiwazuia kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Mwaka 2012 hadhi ya ukimbizi ya wengi wao ilifutwa, na kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo kambi ilikuwa imefungwa baada ya watu zaidi ya 30,000 kurejeshwa Burundi katika miezi ya mwisho. Baadaye eneo hilo likawa la Jeshi la Kujenga Taifa. Binadamu hawafanani na ndege, na kuwafananisha wakimbizi na ndege bustanini kungekuwa kuwadhulumu mara ya pili. Kinachojitokeza Mtabila ni hali ya mtoaji, si ya mpokeaji: chakula kilichookoa maisha kilitolewa ndani ya mpaka wa mwendo uliowekwa na wenye nchi, na mtu asiye na pengine pa kutafuta hupokea kwa namna tofauti kabisa na mtu anayeweza kuondoka. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na methali hiyo husomwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu, ingawa inabeba pia wajibu wa mwenyeji, maana asiyempa mgeni jembe na mahali pa kulima hana haki ya kumlaumu kwa kutegemea sahani.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi kutoa humfunga anayepokea, kwa kuwa zawadi hudai kurudishwa. Kama ndivyo, ndege angeonekana mpokeaji asiyeweza kufungwa, kwa sababu harudishi kitu. Lakini misitu ya Afrika Mashariki ina ndege mmoja anayeingia kabisa katika mapatano ya kupeana, naye ni mwonyesha asali. Ndege huyu mdogo wa rangi ya kahawia, anayepatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ikiwemo misitu ya miombo ambamo watu wa Kigoma hutundika mizinga, huweza kumeng'enya nta, jambo ambalo wanyama wenye uti wa mgongo wachache sana huliweza. Mtawa Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwaka 1588, aliandika kuhusu ndege aliyeingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta, akaandika pia kwamba ndege wa aina hiyo huwaongoza watu hadi penye nyuki. Hakuna aliyemfuga wala kumfundisha, na hata wazazi wake hawamlei, kwa kuwa hutagiwa katika viota vya ndege wengine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wanapotoa mlio wao maalumu wa kumwita, uwezekano wa kuonyeshwa kiota cha nyuki hupanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi, na ndege wa kila upande huitikia zaidi sauti ya wenyeji wao. Tofauti inayogusa mada hii huonekana baada ya asali kupatikana. Wayao hukusanya nta na kumwekea ndege juu ya majani mabichi kuwa haki yake. Kwa Wahadza, watafiti wameona mara nyingi nta ikichomwa, ikifukiwa au ikifichwa, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza.

Ni rahisi kuwasifu wa kwanza na kuwalaumu wa pili, lakini hukumu hiyo ingekosa haki. Mhadza anayeficha nta hamfungi ndege. Anajadiliana naye kama mshirika aliye huru kwenda kuwaongoza wengine, na ujira unaocheleweshwa bado uko ndani ya mapatano yanayofahamika kwa pande zote mbili. Aliye katika hatari kubwa zaidi ya kukosea ni mwenye bustani anayetoa nafaka tele bila kutaka chochote isipokuwa kuwaona, kwa sababu hamu ya kuona haitambuliki kuwa ni dai, na dai lisilotambuliwa halina kipimo. Nchini Uingereza, ambako watu wengi huwawekea ndege chakula, hasa majira ya baridi, kimelea kinachoshambulia koo kimewaua ndege wengi wa jamii ya chiriku tangu mwaka 2005, na vyombo vya chakula na maji vinavyoshirikiwa ni miongoni mwa njia za kuenea kwake. Nia, ambayo katika Uislamu ndiyo kipimo cha matendo, haiwezi kutenganishwa na uangalizi: anayesema anawapenda ndege na hasafishi chombo kwa wiki nzima anapenda kuwatazama.

Ndiyo maana hadithi nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari na wa Muslim, inafaa kuwekwa mbele ya zote: Mwislamu akipanda mti au mmea, na ndege, binadamu au mnyama akala humo, ni sadaka kwake. Mpandaji hakumwita ndege kwa jina, hakungoja aje, wala hajui alikula lini. Mkuyu uliopandwa katika ardhi iliyopoteza miti yake kwa kuni za miaka mingi utawaleta ninga, na vichaka vyenye maua vitawaleta chozi, nao watakula na kuondoka bila ya yeyote kuwa na ufunguo wa ghala lao. Hilo ndilo jembe la ndege. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, nyongeza inayoweza kutetewa ni maji, kwa kuwa hayapunguzi chakula cha kaya wala hayamzoezi ndege kuacha kutafuta. Yanatosha katika chombo kipana chenye kina cha vidole viwili, kilichowekwa mbali na paka, kikisuguliwa na kujazwa upya kila asubuhi, na mvua za Novemba zikianza chombo hicho kinaweza kuondolewa bila ndege yeyote kupungukiwa na kitu.