Maji ya Mlimani na Maji ya Bondeni

Ni nani mwenye haki zaidi juu ya maji: aliyechimba mfereji, aliye karibu na chemchemi, au mwenye kiu? Swali hili halikuanzishwa na wahandisi. Wachaga wa Kilimanjaro walikwisha kulijibu kwa majembe yao kabla serikali yoyote ya kigeni haijafika mlimani.

Mfereji wao, uitwao mfongo, hutoka mtoni juu ya korongo, ukafuata ubavu wa mlima hata ukafika migombani. Ukoo uliotangulia kuuchimba ulikuwa na haki ya kwanza, na mkuu wa mfereji alitoka humo. Walakini haki hiyo ilikuwa na mipaka. Mtu mwingine aliyetaka kumwagilia alipewa zamu, kwa sharti la kwenda na wenziwe kuzoa tope na kutengeneza kingo. Asiyekwenda alitozwa faini au alikosa zamu. Maji ya usiku yalikusanywa bwawani yasipotee bure. Lakini maji ya kunywa hakunyimwa mtu. Kwa maoni yangu, hekima ya utaratibu ule imo katika tofauti hii: maji ya shamba hupatikana kwa kazi, maji ya kunywa hupatikana kwa kuwa binadamu.

Amani hiyo, hata hivyo, ilitegemea kujuana. Maji ya Kilimanjaro hayakomi migombani. Hushuka katika mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale tangu mwaka 1964 na ile ya maporomoko ya Pangani tangu 1995, kisha yakaingia baharini. Mtu wa pwani, ambaye maji ya chumvi humpandia mtoni kila mto unapopungua nguvu, hakupata kuketi katika baraza la mfereji. Kwa hiyo serikali iliunda ofisi ya bonde la Pangani mwaka 1991, ikataka vibali na ada. Wakulima wengi wa mlimani walistaajabu: vipi walipie maji ya mfereji wa babu zao? Nasi hatuna haki ya kuwacheka, maana walikuwa wamekwisha kulipa kwa jasho.

Mkazi wa bondeni hawezi kupanda mlima na jembe kila msimu. Ada yaweza kushika mahali pa jembe hilo, ikiwa mwenye mitambo hulipa kwa kadiri ya faida yake, na fedha hupanda tena mlimani kutunza msitu na kujengea kingo zisizovuja. Ada isiyorudi ni kodi tu, na mtozwa kodi hulinda mlango wa mfereji wake kama mlango wa ghala. Tena mkuu wa mfereji alizijua nyumba zote alizozigawia. Daftari la vibali lina majina ya walioomba, wala halimtaji mvuvi wa mdomo wa mto.